UZI: Rap ya ujana wetu tukiwa watu wazima. Leta wimbo mmoja na useme kwa nini

Fundi wa Barani (Malindi)

Assalaam aleikum, na habari za mchana kwa wana jukwaa wote.

Kuna muziki nilioishi nao tangu shule ya msingi hadi nilipooa, kisha nikauacha kwa miaka. Sikuuchukia. Kazi ya banda, karo, mzazi mgonjwa, na jioni mtu ataka kimya tu. Mwaka huu nimeziteremsha kaseti zangu na CD za kuchoma kutoka juu ya kabati nikaanza kuzisikiliza upya, kila moja mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. Na kuna jambo limenishika, nataka tulizungumze: zile nyimbo tulizozipenda kwa mdundo, maneno yake yananifikia leo.

Chukueni "Ndio Mzee" ya Professor Jay, iliyo kwenye albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001. Mgombea yuwaahidi mambo yasiyowezekana, na umati wamjibu "ndio mzee". Tulipokuwa vijana tulimcheka mgombea. Sasa nimeshapiga kura mara kadhaa, nimeshasimama juani kusikiliza ahadi za maji na barabara, na sikio langu limehama kwa mgombea likaenda kwa umati. Wimbo ule watusema sisi tunaoitikia. Tena aliyeuimba, Joseph Haule, mwaka 2015 alichaguliwa mbunge wa Mikumi, huko Tanzania. Sugu naye, aliyetupa "Hali Halisi" kuhusu maisha magumu ya vijana, alitangulia bungeni mwaka 2010 kwa kiti cha Mbeya Mjini. Ukiyajua hayo huwezi kuzisikia nyimbo hizo kama ulivyozisikia darasani. Kwangu zimeongeza uzito, kwa sababu walioziandika walikwenda wenyewe kusimama mbele ya ule umati.

Upande wetu wa Kenya naanza na Kalamashaka, vijana wa Dandora. "Tafsiri Hii" ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi wetu tuliamini rap ni ya Kiingereza na Kiswahili ni cha mapenzi na taarabu. Albamu yao ya Ni Wakati ya mwaka 2001 nimeisikiliza juzi nikiwa peke yangu bandani, na nilizima mashine nikakaa. Halafu Ukoo Flani wa Mombasa, walioungana na wenzao wa Dandora tukawaita Ukoo Flani Mau Mau. Na Cannibal na Sharama walipotoa "Kichwa Kibovu", hapa Malindi tulisikia lugha ya barazani kwetu ikitoka kwenye spika za matatu. Kijana wa Pwani hakuhitaji kujifanya mtu wa Nairobi ndipo asikike.

Ombi langu: kila mtu alete wimbo mmoja au albamu moja aliyoirudia. Kiungo kitupu hakitoshi. Tuambie ulikuwa ukisikia nini zamani, na sasa wasikia nini.

Dereva wa Mokowe

Waaleikum salaam kaka. Uzi huu nimeungoja.

Mimi naendesha lori Malindi hadi Mokowe, na kuna sehemu kati ya Garsen na Witu mtandao hukatika kabisa. Kwa hiyo huwezi kutegemea kuchagua wimbo mmoja mmoja kwenye simu. Lazima uwe umeweka albamu nzima kwenye flashi kabla hujatoka. Barabara ile ndiyo iliyonirudisha kwenye albamu. Vijana wangu wa kazi husikiliza nusu wimbo, wabadilisha. Kwenye lori langu hakuna kubadilisha.

Yangu ni Illmatic ya Nas, ya mwaka 1994. Haifiki dakika 40. Ukiiwasha ukitoka Malindi, imekwisha kabla hujaingia Garsen, na waweza kuirudia. Nas alikuwa na miaka 20 ilipotoka. Mimi nilipoipata nilikuwa mdogo wake, nikamuona mtu mzima mwenye kujua yote. Sasa ni mimi mtu mzima, namsikia kijana mwenye hofu akihesabu marafiki waliofungwa na waliokufa, na hana hakika kama yeye atavuka.

Lakini lililonigusa zaidi ni tarumbeta. Mwishoni mwa wimbo wa tatu kuna tarumbeta ikipigwa polepole. Zamani niliichukulia kama pambo. Baadaye nikajua anayepiga ni Olu Dara, babake Nas, mwanamuziki wa jazi. Kijana yuwasema maisha hayana maana, na nyuma yake babake yupo, hasemi neno, yuwapuliza tu. Mimi nina mtoto wa kiume wa miaka kumi na saba ambaye hatuzungumzi sana. Nikifika pale siku hizi hupunguza mwendo.

Kijana wa Muyeye

Shikamooni wakubwa. Nafuatilia. Nitarudi na hoja.

Bint Mkomani (Amu)

Salaam kwenu nyote, kutoka Amu.

Ndugu yangu Dereva, umenena. Mimi naleta albamu ya Lauryn Hill ya mwaka 1998, ile iliyoshinda tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, ya kwanza ya hip-hop kupata tuzo hiyo. Ndani yake kuna "To Zion", aliyomwimbia mwanawe wa kwanza aliyezaliwa 1997, na gitaa ni la Carlos Santana. Kaka yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyeileta kaseti yake nyumbani kutoka Mombasa. Nilikuwa msichana, niliipenda sauti. Sikuelewa kwamba yule mwanamke yuwasimulia jinsi watu walivyomwambia afikirie kazi yake kwanza, asizae, naye akachagua mtoto. Nimeyaelewa nikiwa na mwanangu kifuani na barua ya masomo ya juu mezani. Niliusikia wimbo ule usiku mmoja nikalia, na haikuwa huzuni.

Sasa niseme jambo la kwetu. Nilipokuwa mdogo wajomba zangu waliita rap uhuni, na walisema haina asili kwetu. Niliinamisha kichwa kwa adabu, maana ni wakubwa. Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nawajibu kwa adabu ile ile. Mama kusema na mwanawe kwa vina si jambo geni katika visiwa hivi. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Na kaseti pia si ngeni katika ushairi wa Amu. Katika miaka ya 1970, "Wasiya wa Mabanati" la Ustadh Mahmoud Mau lilizunguka kwa kaseti, nyumba hadi nyumba, wanawake wakilisikiliza jikoni. Mtu alirekodi, mwenzake akaazima, wa tatu akanakili. Hivyo hivyo ndivyo rap ilivyotufikia. Masikio yetu yalikuwa yamefunzwa kungoja kina kitue, na kikitua vibaya twajua. Mtoto wa Amu akimsikia mtu amepangilia vina vya ndani na vya mwisho mstari mzima bila kuvunjika, hahitaji kuelezwa kwamba kazi imefanyika.

Ila sileti kila kitu nyumbani. Ipo rap niliyoipenda nikiwa na miaka kumi na sita ambayo nikiisikiliza leo nawasikia wanawake wakitukanwa mstari kwa mstari, na mdundo mzuri hauondoi hilo. Hiyo nimeiacha, wala siwapi wanafunzi wangu. Sikubaliani na wanaosema tusikilize kama tulivyosikiliza zamani. Utu uzima umetupa ungo, tuutumie.

Mama wa Watamu

Habari zenu. Mimi asili yangu ni Tanga, nimeolewa huku. Nawaletea Wagosi wa Kaya, Dr John na Mkoloni. Kwetu "Tanga Kunani" ilikuwa kama wimbo wa mji. Viwanda vimefungwa, vijana hawana kazi, na wao wakauliza mbele ya nchi nzima mji umekumbwa na nini. Nani alikuwa akiuliza hivyo redioni wakati ule kwa lafudhi ya kwetu?

Lakini wimbo ninaotaka kuuzungumzia ni "Wauguzi". Waliwasema wauguzi wenye lugha mbaya kwa wagonjwa. Nilikuwa kidato cha pili, tuliuimba shule nzima. Baadaye nikasomea uuguzi.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi. Kwa muda mrefu sikuweza kuusikiliza wimbo ule, nilihisi natukanwa. Nimeurudia mwaka huu na nimeusikia kwa masikio mawili. Sikio la kwanza lakubali: wapo wenzetu wanaomfokea mama mwenye uchungu, nimewaona, na aliyeandika wimbo hakuzua. Sikio la pili lamuuliza mwandishi swali. Muuguzi mmoja usiku mzima, wodi imejaa, glavu zimeisha, yeye hajala tangu adhuhuri. Huyo hayumo kwenye wimbo. Ningependa angekuwemo. Lakini nauheshimu kuliko zamani, kwa sababu umenifanya nijichunge ulimi kazini, na sijui hotuba ya semina iliyofanya hivyo.

Na "Starehe" ya Ferooz na Professor Jay, mgonjwa wa UKIMWI akisimulia maisha yake kitandani. Wakati ule dawa zilikuwa bado hazijawafikia watu wengi. Wagonjwa wangu wa sasa wanameza vidonge, wanazaa watoto wasio na virusi, wanazeeka. Vijana wanaozaliwa leo hawajui hofu ile ilivyokuwa. Ukitaka wajue, wapigie wimbo ule kisha uwaeleze kilichobadilika.

Dereva wa Mokowe

Dada, hilo la glavu limeniingia. Mke wangu alijifungulia wodi kama hiyo.

Kijana wa Muyeye

Nimerudi. Kwa heshima zote, ami Fundi na shangazi zangu, naona mnauzungumzia huu muziki kama kitu kilichokufa. Mimi nina miaka 23. Hapa hapa Pwani kuna Kaa La Moto, kuna Fikrah Teule, Mombasa, wanaandika Kiswahili kizito kuliko wengi mliowataja. Nikienda kwa baba yangu na wimbo wao, hasikilizi hata kiitikio, asema "rap ilikuwa enzi zetu". Mnataka tusikilize yenu, na yetu je?

La pili, hizo albamu mnazozitaja zipatikane wapi? Nimetafuta Ni Wakati nikapata vipande. Wimbo umekatwa mwisho, au DJ apiga kelele juu yake, au sauti ni kama imerekodiwa ndani ya mtungi. Mkisema maneno ndiyo yenye thamani, mbona hayasikiki?

Fundi wa Barani (Malindi)

Mwanangu, hoja zako zote mbili zina haki, na nazijibu.

Kaa La Moto namsikiliza. Mtu yule ana subira ya mshairi. Hakimbilii panchi, ule mstari wa kugonga, hukujengea ubeti mzima ndipo akakupa. Ningekuwa babako ningekaa nawe tukasikiliza albamu nzima, nami baadaye nikakudai saa yangu kwa Kalamashaka. Kupeana muziki kunakwenda njia mbili. Mkubwa anayetaka asikilizwe tu bila kusikiliza, vijana watamkimbia, na watakuwa na haki. Kwa hiyo naongeza kwenye ombi la uzi: vijana leteni pia, na nyie semeni kwa nini.

Halafu tusione haya ya umri. Watu huniuliza mzee mzima wasikilizaje rap. Ukihesabu tangu ile karamu ya DJ Kool Herc huko Bronx tarehe 11 Agosti 1973, hip-hop ilitimiza miaka 50 mwaka 2023. Walioianzisha ni mababu na mabibi. Ni muziki wenye wazee wake, na wazee wana kazi ya kufanya ndani yake, kama ilivyo kwenye taarabu na kwenye ngoma.

Kuhusu kupatikana. Tatizo hili si letu peke yetu. De La Soul, kundi kubwa la New York, albamu yao ya kwanza ni ya 1989, lakini kwa miaka mingi huduma za kusikiliza mtandaoni hazikuwa na kazi zao za mwanzo. Walikuwa wametumia vipande vingi vya nyimbo za watu wengine, na ruhusa zilizoandikwa enzi za kaseti na santuri hazikutaja mtandao. Ziliwekwa tarehe 3 Machi 2023. Mmoja wao, David Jolicoeur, alifariki Februari ile ile, wiki chache kabla. Kizazi kizima cha wasikilizaji kilikua bila kuwasikia, wala haikuwa kwa sababu hawakuwa wazuri.

Sasa kama hao, wenye kampuni na mawakili, walipotea hivyo, fikiria kijana wa Pwani aliyerekodi studio ya chumba kimoja, akatoa kaseti, akaziuza mkononi. Nyingi za nyimbo zile ninazo kwenye kaseti na sijaziona popote mtandaoni zikiwa kamili. Kaseti ile ikifa, wimbo umekufa. Na kaseti za ukanda huu zinakufa, kwa sababu ya unyevu na chumvi. Nikifungua kaseti iliyokaa kabatini Malindi au Lamu, mara nyingi nakuta ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe.

Kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu, niandike kirefu kidogo.

Kaseti yenye ukungu usiitie kwenye mashine yako nzuri. Ukungu utabaki kwenye kichwa cha kusomea na uhamie kaseti nyingine. Iweke kwanza mahali pakavu penye hewa, mbali na jua. Kama ganda lina skrubu, kwa kawaida tano, lifungue, safisha, na ukipenda hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Kagua kale kasponji kanakosukuma utepe kwenye kichwa. Gundi yake huchoka, kakidondoka sauti inafifia na watu hudhani utepe umekufa. Karudishe, au chukua ka kaseti nyingine.

Mashine nayo isafishe kichwa na kiringi cha mpira kwa pamba. Kichwani tumia spiriti kali ya duka la dawa, ile isiyo na maji mengi. Kisha peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe kabla ya kurekodi, ili utepe ujifungue. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo. Ukiizungusha polepole sana huku wimbo unapigwa, kuna mahali sauti za juu zitafunguka ghafla, herufi za "s" zisikike. Hapo ndipo. Kwa rap hili ni kubwa, kwa sababu konsonanti zikizama, vina vimekwenda.

Waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi kwa sauti ya wastani, isigonge juu. Hifadhi nakala ya WAV kwanza, ile isiyobana sauti, MP3 ni ya kugawa. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60. Na mimi naona ni vyema iwe hivyo, maana utalazimika kuisikiliza.

Mwisho, andika majina. Nani aliimba, nani alitengeneza mdundo, mwaka gani, kaseti ilitoka kwa nani. Faili lisilo na jina ni yatima. Na kama msanii yu hai na wampata, muombe ruhusa kabla hujaiweka hadharani. Wengi wao watafurahi, wengine hawana hata nakala yao wenyewe.

Mama wa Watamu

Nauliza: mtu ambaye hakuwahi kusikiliza rap kabisa aanzie wapi? Mume wangu ni mtu wa taarabu.

Bint Mkomani (Amu)

Dada, mtu wa taarabu mwanzishe na hadithi. "Zali la Mentali" ya Professor Jay na Juma Nature, maskini aliyependwa na binti wa kitajiri. Ina mwanzo na kati na mwisho, atacheka. Kisha mpe "Starehe". Kalamashaka ngoja kwanza, hao wahitaji sikio lililozoea.

Dereva wa Mokowe

Naongeza "Dear Mama" ya Tupac, ya 1995. Albamu iliyobeba wimbo huo ilishika namba moja Marekani yeye akiwa gerezani. Siku hizo matatu zilichorwa uso wake, na tulimjua kwa hasira. Wimbo huu anamshukuru mama aliyekuwa na udhaifu wake na hakumficha. Nimempigia mwanangu kwenye lori wiki iliyopita, nikamfasiria. Tulipofika Witu akanitolea simu yake akasema, "Na wewe sikiliza huu." Alikuwa Kaa La Moto, wallahi. Kijana wa Muyeye, umeshinda.

Kijana wa Muyeye

Sijashinda ami, tumesikiliza tu. Mimi ninayo kompyuta na waya. Ami Fundi, Jumamosi nikija Barani utanifundisha ile skrubu?

Fundi wa Barani (Malindi)

Karibu baada ya adhuhuri. Tutaanza na Ni Wakati, nakala yangu ina kelele upande wa pili.

Bint Mkomani (Amu)

Kaka Fundi, kaseti za marehemu kaka yangu zimo boksi zima, zingine za vijana wa Mombasa ambao majina yao siyajui. Mama hakutaka ziguswe. Nimemsomea uzi huu, maneno ya yule dada muuguzi na yako kuhusu ukungu, amekubali zije kwako, ila zirudi. Nizitume vipi?

Fundi wa Barani (Malindi)

Mungu amrehemu kaka yetu. Mwambie mama zitarudi zote na nakala yake kwenye flashi. Usizitume kwa basi, mpe Dereva mkononi pale Mokowe. Zipange wima, kila moja ndani ya kasha lake, na uzifunge kwa nailoni pamoja na kitambaa kikavu. Kama kaka alikuwa ameandika chochote kwenye karatasi za ndani, hata jina la rafiki, usiondoe. Dereva, tafadhali boksi lisikae karibu na spika za lori, sumaku yake hufuta utepe.

Dereva wa Mokowe

Nitaliweka kitini kwangu. Nipo Mokowe Alhamisi asubuhi, dada, nipigie ukishapanda boti.